Zinazooza na Zinazouzika

Jumatatu, 3 Machi

Mkutano wa mtaa ni Jumapili. Utaamua nani azoe taka zetu: mimi, au shemeji, mdogo wake mke wangu, mwenye pikipiki ya magurudumu matatu na ulimi wa magurudumu manne. Marehemu baba aliifanya kazi hii miaka ishirini na sita. Ikienda kwa shemeji, uso wangu nitauweka wapi?

Enzi za baba pipa lilichukua wiki kujaa. Majivu, maganda, basi. Chupa ya dawa ilimaliza kikohozi ikawa kibatari. Kopo la maziwa likawa kipimo cha mchele. Hakuna kitu kilichokubali kufa.

Mpango wangu: sitozi ada. Watu watenge taka kwenye mapipa mawili, zinazooza huku, zinazouzika kule. Jumamosi mnunuzi wa chupa na vyuma anachukua zinazouzika. Hela yake inakodi lori la kupeleka zinazooza dampo. Taka zinajilipia nauli! Mwenyekiti amekubali tujaribu wiki hii. Shemeji amecheka hadi akashika ukuta.

Jumatano, 5 Machi

Mapipa tayari! Maneno nilimsomea fundi wa mabango kwa simu, yeye juu ya ngazi, upepo unavuma. Sikuyakagua. Niliyatunga mwenyewe, niyasome ya nini?

Nimeyaweka kando ya genge la nyanya, nikamweleza mwenye genge mpango wote. Akauliza mume wake aingie pipa lipi. Nikamwambia inategemea. Nimecheka peke yangu hadi nyumbani.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa! Fundi alisikia "zinazouzwa". Pipa moja ZINAZOUZWA, la pili ZINAZOUZIKA. Mtaa mzima umeelewa kwamba safari hii kila kitu ni mali. Maganda na chupa, nepi na magazeti, vyote pamoja. Mama mmoja ameleta samaki wa juzi na anadai risiti. Wateja wa nyanya wakasoma ZINAZOUZWA, wakachungulia pipa, wakatazama nyanya, wakaondoka. Mwenye genge akanifuata hadi nyumbani. Nilijificha chooni kwa saa moja na nusu.

Fundi ananiambia kwa upole: bosi, si ungesema tu za kunuka.

Jumamosi, 8 Machi

Tangu jana nachambua kwa mikono, uani kwangu. Pua yangu imezoea. Ya mke wangu bado.

Gunia la tatu: birika la bluu, limebanduka rangi mdomoni. La mama lilikuwa hivyo hivyo! Alikuwa akiligonga kwa kijiko kutuamsha. Nikakaa chini nalo kidogo. Kisha redio ya mbao, kama ile ya baba, aliyoizima kila taarifa ya habari ikimuudhi, kisha akaiwasha asikie kama wamejirekebisha. Kisha chupa za soda za kioo, nzito, za enzi ya kurudisha chupa dukani. Ukiivunja, siku hiyo huna kwenu.

Mnunuzi akaja na mizani. Akagusa birika, nikasema hapana. Redio, hapana. Chupa, hapana. Akauliza: mzee, umeniita kununua au kutalii? Akaondoka na maboksi mawili yaliyolowa. Hela yake haikodi hata tairi la lori. Zinazooza zinaendelea na kazi yao.

Mke wangu ameuliza kama tunaishi na taka au taka zinaishi na sisi.

Jumapili, 9 Machi

Mkutano ulikuwa hatua kumi kutoka kwenye mapipa. Upepo haunipendi. Nikasimama, nikaeleza jinsi baba alivyousoma mtaa kwa mapipa yake: sahani zilizovunjika, hapa waligombana, mifupa mingi, hapa kuna mgeni. Wazee wawili wakafuta machozi. Nikajua nimeshinda! Mwenyekiti akasema hata macho yake yanawasha, tupige kura haraka kabla hatujazimia.

Shemeji kashinda. Mikono yote ilikuwa juu. Mke wangu aliinua miwili.

Jumanne, 11 Machi

Shemeji amenipa kibarua cha kuchambua. Sharti moja: Shem, chuma ni chuma, hakina mama wala baba. Nimeapa.

Saa nne likaletwa dawati la shule, la watu wawili, miguu ya chuma. La namna hiyo tulikalia mimi na yeye darasa la tatu, kabla dada yake hajajua kama nipo duniani. Mstari wa wino katikati. Anayevuka anakula kiwiko. Shemeji akapitisha kidole juu ya mbao. Kisha akasema lipimwe, akaenda kunawa mikono. Alinawa muda mrefu sana.

Kwenye daftari la kazi nimeandika: bovu, halifai.

Sasa liko chumbani. Limeenea vizuri kabisa upande anaolala mke wangu. Akirudi nitamwambia ni la mdogo wake.