Dhoruba ya Moyo Baridi

Jumatatu, 10 Novemba
Turubai la kanisa ni moja, na nusu ya Kapseret inaanikia mahindi juu yake. Zamu ni ya jirani yangu Kigen. Mimi baada yake. Na Jumapili ni ibada ya mavuno! Mwaka jana alitoa magunia mawili, mimi debe. Mwaka huu nimemwahidi Mungu matatu. Kwa sauti, mbele ya kanisa.

Jumanne, 11 Novemba
Redio imenifungua macho. Kuna dhoruba baharini, chini ya Madagaska. Wataalamu wanabishana kama ni ya kitropiki au nusu-tropiki. Ya kitropiki ina moyo wa joto, ndiyo kali. Ile nyingine, baridi baridi. Nikakimbia kwa Kigen. Nikamwambia ni ya kitropiki kabisa, inakuja, aokoe mahindi! Akauliza tangu lini Kapseret iko karibu na bahari. Nikamjibu hata ndege zilikuwa mbali mpaka tukajengewa uwanja. Hilo likamwingia. Akazoa mahindi, akanishukuru. Bwana nisamehe. Lakini turubai ninalo!

Jumatano, 12 Novemba
Wasiwasi. Je, kama ni ya kitropiki kweli? Nikatundika kipimajoto cha ng'ombe uani, upande upepo unakotoka. Saa nzima. Zebaki haikusonga hata kidogo! Moyo baridi. Nusu-tropiki. Nimeanika yote, nikaimba pambio.

Alhamisi, 13 Novemba
Mvua ya mawe! Mimi na mke wangu Rael tumezoa mahindi kwa mabeseni, tumelowa chapachapa. Akauliza nani alisema hakutanyesha. Nikamwonyesha kipimajoto. Akakitazama sana. Akasema, Baba Jerop, hiki kinaanzia thelathini na tano, hapa kwetu hata jua la Januari halifiki hapo.

Jumapili, 16 Novemba
Ijumaa jua likarudi, na turubai likarudi kwa Kigen. Leo ametoa magunia manne! Mimi debe, tena limeanza kuchipua. Pasta akasema ni ishara ya uzima. Kisha Kigen akasimama kushuhudia jinsi nilivyookoa mavuno yake. Makofi! Nimechaguliwa kutangaza hali ya hewa kila Jumapili. Nilitaka kuungama, lakini mimi ni nani nikatae wito?
Tena redio imethibitisha: nusu-tropiki, imeishia huko huko baharini. Si nilisema!
Kosa nimeliona. Ng'ombe ni mnyama mkubwa, joto lake kubwa. Nimemwagiza Murunga, daktari wa mifugo, aniletee kipimajoto cha kuku.