Nondo Moja Ikifeli

Jumanne, 10 Juni
Maji yamenifika shingoni. Mkurugenzi katangaza asubuhi: Jumamosi ni Siku ya Wageni, maabara yote itafunguliwa kwa umma, na kila fundi ataonyesha kazi yake kwa mkono wake mwenyewe. Kwa mkono wake!

Mimi ni fundi wa mashine ya kuvuta nondo. Unaibana nondo juu na chini, mashine inaivuta mpaka ikatike, skrini inaonyesha imehimili tani ngapi. Kazi rahisi. Tatizo ni mlio wake inapokatika. Pa! Ninauogopa. Basi, nimeandika. Miezi saba sasa fundi wa chumba cha roboti ndiye anayenibonyezea kitufe, nami nasimama koridoni nikijifanya naongea na simu.

Mkataba wangu unaisha Jumatatu. Mkurugenzi kasema ataamua baada ya kuniona kazini.

Jumatano, 11 Juni
Nimekwenda kwa jirani yangu wa roboti. Tunamwita Bi Uhakika, maana hajawahi kusema labda. Nimemwomba anisaidie Jumamosi, mara moja tu. Kakataa. Ana mkono wa chuma unaomimina maji kwenye bilauri bila kumwaga tone, na hawezi kuuacha peke yake mbele za watu. Kanishauri nimweleze mkurugenzi ukweli, kwani hata yeye ule mlio humshtua, na vizibo vya masikio vimejaa stoo. Vizibo! Ili watu wavione? Namwomba Mungu mkono ule upate kigugumizi.

Nyumbani, mke wangu kamwalika mama yake aje Jumamosi. Mama mkwe anaamini mimi ni simba wa kuvunja vyuma. Nani kamwambia? Mimi, siku ya kujitambulisha.

Alhamisi, 12 Juni
Mpango umepatikana. Nondo nzima hukatika kwa tani sita na kelele zake zote. Nondo iliyokwisha kukatwa nusu itakatika kwa adabu, kama kijiti. Wenzangu walipokwenda kula nikafunga mlango, nikaipitishia msumeno. Kila kiatu kilichopita koridoni nilidhani ni cha mkurugenzi. Mara mbili nimejificha nyuma ya mashine, na hakuna aliyeingia. Ufa nimeuziba kwa grisi na vumbi la kutu. Hata mimi siuoni.

Ijumaa, 13 Juni
Bi Uhakika kaingia, kaona unga wa chuma sakafuni, kauliza ni wa nini. Nimesema nilikuwa nachonga penseli. Kaniomba hiyo penseli.

Mchana kaja mzee mwenye kiwanda kidogo kinachotengeneza nondo hizi. Ametupa nondo za bure kwa ajili ya maonyesho, na kesho atakuja na wateja wake wa ujenzi. Kanishika mkono kwa mikono yake miwili. Mpole sana. Vizuri, atapiga makofi.

Jumamosi, 14 Juni
Chumba kilijaa. Mkurugenzi mbele, mke wangu pembeni, mama mkwe kakaa kama yuko harusini. Nikabonyeza. Tk. Nondo ikakatika kimya kimya. Watu wakashangilia, mama mkwe akasema huyo ndiye mkwe wangu. Nikainama kama mfalme.

Mzee wa kiwanda hakushangilia. Alikuwa anasoma skrini: tani tatu. Akaegemea ukuta. Akasema kwa sauti ndogo kwamba kuna shule inajengwa kwa nondo hizi. Wateja wake wakaanza kunong'onezana, mmoja akatoka na simu. Hili sikuwa nimelifikiria kabisa. Niliona aibu mpaka kwenye nyayo.

Mkurugenzi akawatuliza. Akawaeleza wageni kanuni ya maabara yetu, iliyobandikwa mlangoni kwangu tangu siku niliyoajiriwa: nondo moja ikifeli, zinavutwa mbili zaidi. Papo hapo. Nzima.

Nimeruka majivu nikakanyaga moto.

Ya kwanza nilibonyeza nikiwa nimefumba macho. Pa! Nilipoyafumbua niko chini ya meza. Tani sita. Mama mkwe kachungulia, kaniuliza kama nimepoteza kitu. Ya pili sikujitokeza. Mkurugenzi kauliza nani atajitolea, na kitufe kikabonyezwa na mama mkwe. Pa! Hakupepesa hata kope. Tani sita na kidogo.

Kisha mkurugenzi akaokota ile iliyofeli, akaitazama kwa lenzi. Upande mmoja umechanika, upande wa pili laini, una mistari na grisi. Akauliza ni nini hiki. Ningeweza kunyamaza. Lakini kutoka chini ya meza niliona viatu vya yule mzee, bado viko pale pale alipoegemea ukuta. Nikasema msumeno ni wangu, nondo haina kosa.

Chumba cha pili watu wakaushangilia mkono wa Bi Uhakika.

Jumatatu, 16 Juni
Niliingia ofisini nikiwa nimekwisha kuaga kiti changu. Mkurugenzi kasema angenifukuza, ila mzee wa kiwanda kampigia simu kuniombea, kwa kuwa nilisema mwenyewe. Nimepewa miezi mitatu ya majaribio. Sharti: kuanzia kesho nitavuta nondo kumi kila siku, mimi mwenyewe, vizibo masikioni, Bi Uhakika akisimamia, mpaka niuzoee mlio. Nilishukuru mpaka machozi. Nikasema mficha uchi hazai, nikaahidi sitaficha tena kitu.

Nondo kumi! Mara kumi kwa siku!

Nimetulia, nikatafuta kosa langu lilikuwa wapi. Nimeliona: msumeno huacha mistari. Fundi wa chumba cha kemia anasema tindikali hula chuma taratibu bila kuacha mstari hata mmoja. Nimemwomba chupa ndogo, nikamwambia ni ya kuondoa kutu.

Nitazipaka zote kumi, ili zifanane. Zikikatika zote mapema na bila kelele, nani atashuku? Nimeupitia mpango huu mara tatu na sijauona ufa.