Iestyn Shingo-Nene na Vita vya Liki la Mwisho

Njooni, enyi mliolaza watoto na enyi ambao watoto wenu wamegoma kulala. Sogezeni viti, niwasimulie habari za Iestyn mwana wa Prosser, Shingo-Nene, Ngome ya Bonde, aliyeivaa jezi nyekundu ya Welisi katika raga na kusimama mstari wa mbele wa skramu, pale majitu manane yafunganapo mabega na kusukumana na manane mengine kama mafahali zizini. Alisukuma Dublin, akasukuma Paris, akasukuma hata masikio yake yakawa kama maandazi yaliyokaliwa. Mwishowe shingo ikasema basi, madaktari wakaafiki, na shujaa akarudi nyumbani.

Huko vita vizito vikamngoja. Ilipambazuka siku ya Mtakatifu Dafydd, msimamizi wa Welisi, ambapo mtoto wa Welisi huenda shule na liki bichi kifuani, lile jamii ya kitunguu lenye shina jeupe na majani marefu. Binti yake, Nesta wa miaka sita, hakuwahi kulivaa. Kila mwaka siku hiyo baba yuko kambini na timu, mama yuko zamu, naye hubandikwa ua la plastiki. Safari hii alikwisha kulitangazia darasa zima: baba yupo, liki lipo. Ole wake! Liki lililonunuliwa jana, Iestyn mwenyewe alilikatia kwenye supu ya kondoo akalimaliza, kwani njaa ya mtu wa skramu haisomi kalenda.

Wakakimbilia dukani. Sandukuni limelala liki moja tu. Mkono wa shujaa ukashuka kama mwewe, ukakuta mwingine umetangulia: wa Bi Morfydd, mpiga kinanda wa kanisa, mfupi kama mtungi.

"Achia, Iestyn."

"Bibi, kwa heshima zote," akanena shujaa, "mimi niliyewakabili Waafrika Kusini kwenye mvua ya mawe, sijapata kuachia nilichokishika."

"Kwa Waingereza je? Tulikuona, skramu imekulalia kama godoro. Marehemu mume wangu alizima televisheni."

"Niliteleza, Bibi."

"Ndivyo msemavyo wote."

"Mkilichana mtalilipa wote wawili," akasema mwenye duka bila kuinua macho.

Wakavutana. Majani yakalia. Ndipo Nesta akamgusa baba yake paja. "Baba, basi. Lile ua la plastiki liko kwenye droo."

Naam, mkuki huo ukapenya pale ambapo mataifa yalishindwa kupenya. Kiganja kikafunguka.

"Chukua, Bibi."

Bi Morfydd akamtazama mtoto, akamtazama jitu. "Kwani ulilitakia nini, mwanangu?"

"Majani. Avae shuleni."

"Majani? Mimi shida yangu huku kweupe, kwa ajili ya supu. Majani nampa sungura. Mbona hukusema?"

"Uliniwahi na Waingereza."

Kisu cha mwenye duka kikapita, weupe huku, majani kule. Lakini vidole vilivyovunjika vikapona kombo havikuweza kushika pini; basi shujaa akachomoa mfukoni utepe wa kufungia masikio uwanjani, akayafunga majani kifuani pa binti yake, akazungusha mgongoni, akazungusha tena, akakaza kama afungavyo mwenzake kabla ya mechi.

"Unapumua?"

"Kidogo."

"Inatosha."

Siku hiyo, wasikilizaji wangu, taifa lilipata ushindi ambao hakuna refa wa kuutengua: mtoto alipita lango la shule akinuka kitunguu, majani yakimfika puani, kichwa juu, na nje ya uzio jitu la bonde likapenga kamasi kwa leso kubwa kama bendera.