Kwa Mama Supu Msiende

Jumatatu, 3 Juni
Nimekosa kiti tena! Mimi! Mimi niliyeandika ubao wa vyakula wa hoteli ile kwa mkono wangu mwenyewe. Leo nimekunywa supu nimesimama mlangoni, bakuli mkononi, kila anayeingia ananipiga kikumbo. Mama Supu akapita na sinia, akasema, karibu kaka. Kaka! Siku alizofungua hoteli hapakuwa na mtu. Naagiza supu ya goti, yeye anavuta kiti, anamenya vitunguu mezani kwangu, tunapiga soga mpaka supu inapoa. Aliniita Brashi wangu. Sasa watu wamejaa pomoni, na neno pekee ninaloulizwa ni kama nimemaliza na bakuli. Nina hamu naye mpaka chakula hakipiti. Kimepita, lakini kwa shida.

Jumanne, 4 Juni
Nimepata dawa! Mabango ya hoteli zote za mtaa huu nimeyachora mimi. Kwa hiyo kila mwenye njaa hupita kibandani kwangu kuuliza ale wapi na aagize nini. Sijawahi kumwangusha mtu. Basi, kuanzia leo, ukiniuliza, nakutuma kwingine. Mwalimu wa hesabu nimempeleka kwa Mzee Pole: samaki wa kukaanga, upande wa mkia, na aagize kabla njaa haijaanza, maana jiko la yule mzee halina haraka na mtu. Mafundi baiskeli nimewapeleka kwa Mapacha: wali na maharage, kuku wasimguse, yule kuku anastahili kuamkiwa. Na kwa Mama Supu je, wakauliza. Nikaguna. Sikusema neno! Ukiguna vizuri, watu wanajaza wenyewe. Dada yangu, ninayekaa kwake, ameuliza mbona napiga mluzi. Nimemwambia kazi ni nyingi.

Ijumaa, 7 Juni
Mambo yamenyooka! Meza za dirishani zote tupu. Nikakaa nitakavyo, ndani ya shati ninalovaa kwenye harusi za watu. Nikaagiza goti, limau pembeni. Mama Supu akaleta, akafuta mikono, akavuta kiti. Mara akatokea muuza nyama anayemletea mbuzi, akaketi kwenye kiti kile kile! Bila hodi. Akaagiza supu ya mbuzi aliyemuuza yeye mwenyewe asubuhi. Mtu gani anafanya hivyo? Mama Supu akasema nimwie radhi, ana maongezi kidogo na huyu. Wakanong'ona, wakainamiana. Mimi nikatazama bakuli. Namchukia yule mtu mpaka jasho limenitoka. Au ni pilipili.

Jumatatu, 10 Juni
Nimeongeza bidii. Sasa nawatuma hata wasioniuliza. Kwa Mzee Pole foleni imefika barabarani, na mzee hajui hata amshukuru nani. Hoteli ya Mama Supu kimya, unasikia sufuria inavyochemka. Muuza nyama hayupo. Mama Supu akaja na vitunguu vyake, akakaa. Hatimaye! Akamenya, machozi yakamtoka. Nikamwambia vitunguu vya siku hizi ni vikali. Akasema si vitunguu. Akasema muuza nyama alikuja kumuuliza kwa nini hachukui mbuzi kama zamani. Hajui amewakosea nini watu. Anafunga hoteli, anakwenda stendi kupika na mdogo wake. Halafu akanishika mkono. Akasema mtaa mzima umemtupa isipokuwa mimi. Mkono wake juu ya wangu! Siku niliyoiota! Nilitamani ardhi ipasuke niingie na bakuli langu.

Jumanne, 11 Juni
Nimesimama barabarani tangu asubuhi nikitangaza: supu ya goti, kwa Mama Supu, usitie chumvi kabla hujaonja! Mwalimu wa hesabu akaniuliza kama si mimi niliyeguna. Nikasema nilikuwa na mafua. Wakacheka wote, wakaenda zao kula samaki. Hakuja hata mmoja. Nimekunywa supu ya watu wote peke yangu mpaka mkanda umekataa kufunga. Mama Supu aliniangalia kwa huruma, akauliza kama nyumbani hawapiki.

Alhamisi, 13 Juni
Amefunga. Kufuli mlangoni. Nimepita pale asubuhi, nikapita mchana, nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Nilikuwa nimevaa ndala. Mlango bado unanukia kitunguu. Nimemkumbuka, jamani, nimemkumbuka vibaya. Jioni dada yangu alipika mchuzi, nikasema hauna ladha. Akasema nikale rangi zangu.

Jumamosi, 15 Juni
Ujumbe kutoka kwa Mama Supu! Nimeusoma nimesimama, nimeusoma nimekaa. Ananisalimu Brashi wake. Wake! Anasema huko stendi hakuna anayemjua, supu inalala sufuriani, na hali ikiendelea hivi mdogo wake naye atafunga jiko. Ananiomba nimchoree kibao, nikipigilie kwenye mlango ule wa zamani, wateja wake wajue alipo wamfuate. Hamwamini mwingine kwa kazi hiyo. Nikafanya kazi mchana kutwa bila kula. Sijawahi kuchora kibao kizuri hivi: bakuli linatoa moshi, maneno ya kijani, MAMA SUPU AMEHAMA, MFUATE HUKU, na mshale mnene kama mkono wangu. Nimekipigilia mwenyewe. Watu wamesimama kukisifia, mwalimu wa hesabu amesema anaanza kutamani supu. Kesho asubuhi nakwenda kwake, shati limeshapigwa pasi. Nitaagiza goti, atavuta kiti, hatutasumbuliwa na mtu. Stendi iko kulia. Mshale nimeuelekeza kushoto.