Fremu Kumi na Saba

Jumatatu, 7 Oktoba

TV ya 3D imefika! Imeshushwa kwenye basi la Dar ikiwa imeviringishwa blanketi kama mgonjwa. Miwani yake kumi imo kwenye kiboksi. Vitalis, mwenye kibanda cha gemu ng'ambo ya barabara, alisimama mlangoni kwake akijifanya anafagia. Fagia, Vitalis, fagia. Wiki ijayo utabaki na ufagio, wateja watakuwa kwangu.

Nikaiunganisha na kompyuta yenye gemu ya mpira. Nikavaa miwani. Nikawasha 3D. Mpira ukatoka kwenye kioo, ukanijia usoni! Nikaukwepa, nikajigonga mlangoni. Furaha tupu.

Halafu mchezo ukaanza kuchechemea. Mchezaji anakimbia, anaganda, anaibukia golini. Kwenye kona ya kioo kuna namba ya fremu, yaani picha ngapi kompyuta inachora kwa sekunde moja. Bila 3D: sitini. Nikiwasha 3D: kumi na saba.

Mzee Sadallah, mwenye nyumba, akanikuta nimeshika nundu. Shikamoo. Marahaba. Akasema korosho zimeanza kudondoka na anakitaka chumba hiki cha mbele aweke magunia. Jumamosi atakuja kuangalia. Akikuta watu wamejaa, nibaki. Akinikuta mimi na viti, magunia yanaingia. Nikamwambia watajaa mpaka alie kwa furaha. Akasema yeye hulia korosho zake zikinyeshewa tu.

Chumba hiki ndicho tegemeo langu. Nimeshindwa kufuga kuku. Nimeshindwa kunyoa watu. Chips nilishindwa siku ya kwanza. Hapa sishindwi.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimegundua tatizo: umeme! TV inapunjwa. Nikazunguka nyumba nzima nikichomoa vitu. Taa, redio, chaja, pasi. Na friji ya mke wangu Cecilia, yenye barafu za ubuyu za kuuza shuleni.

Namba: kumi na saba.

Kufika saa nane ubuyu ulikuwa umetiririka mpaka barazani, na nzi wa Newala yote walikuwa wamepata taarifa. Cecilia hakufoka. Aliniuliza tu, Baba Ethel, kwa nini usimwulize Vitalis, mtu aliyesomea kompyuta chuoni? Nikamjibu kwamba kuliko kumwuliza Vitalis, bora nimwulize mbuzi. Akasema mbuzi wa jirani yupo nje, analamba ubuyu.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimeshuka Masasi kwa fundi Godwin. Banda lake lipo nyuma ya soko. Mtu wa maneno machache, bisibisi sikioni.

Akanieleza. Ukiwasha 3D, kompyuta inachora kila picha mara mbili: moja ya jicho la kulia, moja ya jicho la kushoto. Kazi imekuwa maradufu, mashine ni ileile, lazima ihemewe. Akanipa dawa mbili. Kwanza, niingie kwenye mipangilio ya gemu nipunguze ubora wa picha. Pili, nipulize vumbi lililomo ndani, maana mashine ikipata joto inazidi kusinzia.

La kwanza sikulisikia vizuri kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kuwaza. Kupunguza ubora! Mimi nimeagiza TV Dar nije kupunguza?

Wazo lenyewe lilikomaa gari likiwa linapanda mlima kurudi Newala. Tatizo ni macho mawili. Basi tutumie moja! Kazi inarudi nusu. Nikapiga ukelele ndani ya gari. Mama mmoja wa Kitangari akahamisha kuku wake kiti cha mbele.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimebandika karatasi na selotepu kwenye kioo cha kushoto cha kila miwani. Yote kumi. Kazi safi.

Nikamwita Cecilia awe wa kwanza kujaribu. Namba: kumi na saba. Nikamwambia avumilie, mashine bado haijashtuka kwamba jicho moja limefungwa. Tukangoja nusu saa. Mashine haikushtuka.

Cecilia akasema tena mpira hautoki nje ya kioo, umelala bapa kama wa TV ya kawaida. Akasema nimenunua TV ya watu wenye macho mawili, kisha nimewatoboa moja. Akasema mwenye macho haambiwi tazama, ila mimi naona mwenye macho nimfumbe kabisa. Nayaandika haya ili kumbukumbu iwe kamili tu.

Selotepu imetoka. Gundi imebaki.

Ijumaa, 11 Oktoba

Leo zamu ya vumbi. Watu wadogo wanapuliza kwa mdomo. Mimi nikamwendea Mzee Sadallah nikaazima mashine yake ya kupulizia salfa kwenye mikorosho, ile ya kubeba mgongoni, yenye injini. Msimu wa kupuliza umekwisha, imekaa bure stoo. Mzee akaniuliza kama nimewahi kuitumia. Nikamwambia mimi ni mtoto wa Newala. Hilo halikuwa jibu, lakini alinipa.

Nikaiweka kompyuta barazani, nikafungua ubavu wake, nikavaa mashine. Nikavuta kamba. Ikanguruma. Nikaelekeza bomba. Nikakaza.

Salfa ya msimu mzima ilikuwa bado imo ndani ya tangi.

Sikuona kitu kwa dakika nzima. Wingu la njano lilifunika baraza, likavuka barabara. Wateja wa Vitalis walitoka nje wakipiga chafya, kisha wakakaa kabisa kunitazama. Kompyuta ilikuwa ya njano. Mimi nilikuwa wa njano. Kuku wawili wa jirani walikuwa wa njano.

Mzee Sadallah akaja, akatazama mashine yake, akatazama kompyuta. Akasema angalau sasa haitashikwa na ubwiri unga, ule ugonjwa wa majani ya mikorosho. Akaondoka akicheka peke yake. Nimesugua kwa mswaki mpaka magharibi. Inawaka. Inanuka kiberiti.

Namba: kumi na nne.

Jumamosi, 12 Oktoba

Siku yenyewe. Na watu wamejaa! Nadhani walikuja kuona kama nitalipuka, lakini mtu ni mtu. Mzee Sadallah akakaa mbele.

Nikawasha 3D. Mchezaji akapiga hatua moja. Akaganda. Akapiga nyingine. Watu wakaanza kushika vichwa. Jamaa mmoja akatoka nje na hakurudi. Mzee akawa anaupima ukuta kwa macho, kama anayehesabu magunia.

Hapo akaingia Vitalis. Hajaalikwa! Akaniambia taratibu, Baba Ethel, samahani, mbona ubora wa picha umeuweka juu kabisa? Hata kabla sijamjibu akawa ameshaingia kwenye mipangilio. Akabonyeza mara mbili. Basi, mara mbili!

Namba: hamsini na nane.

Mchezo ukateleza. Mpira ukaruka kutoka kwenye kioo, na Mzee Sadallah, miwani ya 3D juu ya miwani yake ya kusomea, akainuka akaupiga kichwa. Chumba kizima kikapiga kelele. Mzee akacheka mpaka machozi. Akasema nibaki na chumba mpaka msimu uishe, magunia atayapeleka kwa dada yake.

Nilitamani kumkumbatia mtu. Aliyekuwa karibu ni Vitalis, nikaghairi. Niliwaeleza watu kwamba salfa ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kufanya kazi.

Jumapili, 13 Oktoba

Baada ya misa watu walimpongeza Vitalis. Vitalis! Kwenye chumba changu, kwa TV yangu.

Nimerudi nikatazama alibonyeza nini. Kwenye mipangilio, palipokuwa pameandikwa "juu kabisa," sasa pameandikwa "kati."

Kati! Mtu anatoka kwake amevaa vizuri, anakuja kwangu, nampa kati?

Cecilia amesema niiache kama ilivyo. Amenitaka niape. Nimeapa. Nimeapa kuiacha Jumapili.

Jumatatu, 14 Oktoba

Sikukuu. Shule zimefungwa, watu wamejaa mpaka madirishani. Mzee Sadallah alileta kaka zake wawili kutoka Tandahimba waje waone anavyopiga kichwa. Amewasimulia njia nzima.

Asubuhi nilikuwa nimerudisha "juu kabisa." Nilitaka wageni wa Mzee waone kitu kizuri zaidi. Niliwaza kuwa mashine imeshapumzika Jumapili nzima, na mtu aliyepumzika haogopi kazi.

Mpira ukapigwa. Ukatoka kwenye kioo. Ukaganda hewani, mbele ya paji la uso la Mzee.

Akangoja, shingo ameinyoosha. Kaka zake wakangoja. Namba ilisema tisa. Mzee akaona aibu kusimama vile mbele ya wageni. Akaamua kuufuata mpira mwenyewe. Akapiga hatua mbili, akapiga kichwa kwa nguvu zake zote.

TV imepasuka kutoka kona hadi kona. Mzee ana nundu. Hakunifokea, na hilo ndilo lililoniuma. Alivua miwani, akaikunja vizuri, akanirudishia. Akasema Baba Ethel, kesho magunia.

Nimeona haya leo. Cecilia alinipa chai. Nikamwambia nimekosa. Akasema anajua.

Jumanne, 15 Oktoba

Magunia yameingia. Naandika nikiwa nimekaa juu ya moja.

Saa nne alikuja Vitalis. Akasema amesikia, amesikitika, na kwake kuna nafasi. Nimsaidie kuendesha kibanda, tugawane mapato, TV zake tatu zinamwelemea. Bila masharti! Sikutegemea. Nikamwambia asante, Baba Trevor, Mungu akubariki. Nilimaanisha kila neno. Ni mtu mwema kweli. Nimemwonea bure.

Jioni. Niko kibandani kwa Vitalis. Mahali pasafi, wateja wametulia, gemu zinateleza. Nimetafuta namna ya kumlipa fadhila. Nimepekua mipangilio ya mashine zake zote tatu.

Kati. Kati. Kati.

Maskini, na amesoma chuo! Ameenda mazoezi ya kwaya, ufunguo ameniachia mimi. Mbili nimeshambadilishia. Hii ya tatu namalizia sasa hivi, akirudi aikute tayari.