Siku Daktari wa Mawimbi Alipopanda Bati la Mama Mkwe

Njooni, enyi mlioketi na enyi mlioegemea, zimeni redio, nyamazisheni watoto, mnipe masikio niwasimulie habari za shujaa aliyepanda juu ya bati kupigana na anga. Na aliyezoea vita vya mikuki na ngao asiondoke, kwani leo spana itafanya makubwa.

Shujaa wetu aliitwa Daktari wa Mawimbi, Bwana wa Masafa, Mchuja Kelele, aliyezama vitabuni akaibuka na miwani. Kazi yake ilikuwa kutafiti mawasiliano ya setilaiti: alibuni hesabu za kuinasa ishara dhaifu itokayo angani na kuitenga na makelele, kama mtu anayepeta mchele. Chuo kikuu kizima kilimheshimu. Mama mkwe wake hakumheshimu hata kidogo. "Daktari gani huyu," aliuliza kila alipopata msikilizaji, "hata kichwa kikiuma hawezi kukitibu?"

Basi ikafika Jumapili ambayo Daktari angeonyeshwa kwenye televisheni, katika mahojiano yaliyorekodiwa wiki iliyotangulia. Ukoo wa mkewe ukajaa sebuleni kwa mama mkwe, na kila aliyekuja alijua kwamba leo hukumu itatolewa. Picha ilikuwa nzuri. Ilikuwa na vidoadoa viwili vitatu pembeni, ambavyo mtu mwenye akili timamu angevivumilia. Lakini shujaa aliviona, na damu ikamchemka.

Akasimama katikati ya sebule, akainua spana, akanena:

"Enyi wakwe zangu! Mimi niliyezisafisha ishara zilizochakaa kwa safari ya mbinguni, nitaketije nikitazamana na vidoa? Naapa kwa anga yote, sitaketi! Nitapanda!"

"Baba watoto, acha tu," akasema mkewe. "Mbona inaonekana vizuri."

"Shemeji, kipindi kinaanza sasa hivi," akasema kaka wa mkewe.

"Mwacheni apande," akasema mama mkwe. "Tuone."

Akapanda. Ngazi ikalia, bati likanguruma, majirani wakatoka nje. Akalikabili dishi la televisheni uso kwa uso, akalegeza nati ya kwanza, akalegeza ya pili. Na ya tatu, msaliti mkubwa, ikachomoka yenyewe, ikabingirika hadi ukingoni, ikatumbukia kwenye pipa la maji. Dishi likainamisha uso kama mtu aliyefumaniwa.

Ukelele ukatoka ndani: "Imepotea yote!"

Hapo hesabu zote zilimkimbia. Akalikumbatia dishi, akalipeleka kushoto. "Bado!" Akalipeleka kulia. "Imepita! Rudi, rudi!" Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na mtaka cha angani, kumbe, ni vilevile: akapiga goti, akatia bega chini ya dishi, na tumbo akalivuta ndani, kwa kuwa lilikuwa likiziba mawimbi.

"Hapo hapo!" wakapiga kelele. "Usipumue!"

Na kupitia dirishani akaisikia sauti yake mwenyewe, imetulia, imejaa madaha, ikimwambia mtangazaji: "Utafiti umefika mbali. Antena za kizazi kipya hujielekeza zenyewe kwa hesabu. Hazihitaji tena kuguswa na mkono wa binadamu."

Juu ya bati, mkono wa binadamu ukaanza kutetemeka. Jasho likamwingia machoni, nzi akatua puani, naye hakusogea, kwani alijua kwamba akisogea hata unywele mmoja hatapata heshima katika nyumba ile mpaka kufa kwake. Nilimcheka, sikatai, lakini nilimwonea na huruma.

Mahojiano yakaisha. Kisha mama mkwe akatoka uani, akainua macho kuelekea juu ya bati.

"Baba," akamwita, na tangu harusi hakuwahi kumwita hivyo. "Yale uliyoyasema kwenye televisheni sikuelewa hata moja."

"Mama, nitakuelezea..."

"Usinielezee. Lakini picha! Haijawahi kuwa safi namna hii. Hata doa moja hakuna!"

Shujaa akalengwalengwa na machozi. Akaanza kuitafuta ngazi kwa mguu.

"Unakwenda wapi tena?" akauliza mama mkwe. "Tulia hapo hapo, baba. Tamthilia inaanza."

Akatulia. Na iandikwe, vizazi vijavyo visome, kwamba siku hiyo ukoo mzima ulitazama tamthilia tangu mwanzo hadi mwisho bila doa, na antena ya kizazi kipya ikapelekewa chai juu ya bati.