Ombi la Kuahirisha Harusi kwa Sababu ya Oili ya Injini

Lozells, Birmingham
Jumanne, 14 Aprili

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Harusi ya Angeline na Ronny.

Dada Luul mheshimiwa,

KUH: MWENENDO WA BWANA HARUSI KUHUSU GARI LANGU

Natumai barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti lako limesahau zile ngazi za ukumbi. Nakuandikia kama mwenyekiti na si kama jirani, kwa hiyo naomba uisome ukiwa mezani na si jikoni. Wajumbe walikuchagua kwa kauli moja, ingawa wewe ni Mwislamu wa Garissa na harusi ni ya kanisani, kwa sababu katika Wakenya wote wa mji huu ni mikutano yako tu ambayo huanza saa iliyotangazwa. Mtu wa namna hiyo atanielewa.

Ninaomba harusi ya binti yangu iahirishwe. Sababu ni oili ya injini.

Unakumbuka kwamba mimi na Milka tulikwenda nyumbani Homa Bay mwanzoni mwa Desemba, tukarudi mwisho wa Machi. Gari langu la kijivu nililiacha katika kibanda chake nyuma ya nyumba. Nilifanya kama tunavyofanya sote hapa tunaposafiri wakati wa baridi: nilimwachia mtu ufunguo awe analiwasha, betri isife. Mtu huyo alikuwa Ronny, mchumba wa Angeline. Maagizo niliyaandika kwa herufi kubwa nikayabandika ukutani. Liwashwe kila asubuhi. Dakika tano. Lisitolewe nje. Neno "lisitolewe" nililipigia mstari kwa sababu ya barafu barabarani, na kwa sababu nilikwisha kuona namna Ronny anavyokata kona.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Oili yenyewe. Kwa mujibu wa shajara yangu, tarehe 30 Machi nilifungua kifuniko cha kutilia oili nikakuta ute mzito wa rangi ya chai ya maziwa. Kijiti cha kupimia oili nacho kilitoka na mapovu ya rangi hiyohiyo. Mimi si mtu wa kushtuka ovyo, kwa hiyo nilichunguza. Maji ya rejeta yalikuwa palepale kwenye alama. Moshi haukuwa mweupe, wala haukuwa na ile harufu ya utamu. Basi gasketi, ile inayotenga maji na oili ndani ya injini, ilikuwa salama, na maji yaliyoingia kwenye oili hayakutoka kwenye rejeta. Ili nihakikishe kwamba kweli ni maji, nilidondosha oili kidogo juu ya kikaango cha moto, kwa kuwa oili safi hutulia na oili yenye maji hulia. Ililia. Ilirukia pia pazia. Kikaango kilikuwa kile cha chapati. Milka alisimama mlangoni akanitazama, kisha akasema, "Baba Angeline, hicho sasa ni kikaango cha gari. Kipeleke kwa Gurvinder, akupikie na chakula huko."

Nilimpelekea Gurvinder gari, si kikaango. Huyu ndiye fundi wangu wa Digbeth, mzaliwa wa Kisumu, ambaye Kiswahili chake kinawashinda watoto wetu. Alinusa ile oili, akaisugua kati ya vidole, akauliza nani alikuwa akiliwasha gari na kwa muda gani. Nikamwambia. Akafuta mikono yake polepole mno.

"Mzee," akasema, "hii gari haiumwi. Hii gari haijaenda mahali."

Akanieleza kwamba injini ikiwashwa kwa muda mfupi kwenye baridi hukusanya umande ndani yake, na kabla haijapata joto la kuukausha, inazimwa. Kesho tena hivyo hivyo. Petroli isiyoungua nayo huteremkia humo humo. Gari lingeachwa lilale kimya mpaka Machi, angalau oili ingebaki oili. Yaani, Dada Luul, gari langu limeharibiwa kwa kutunzwa.

2. Utii. Ronny anakaa Harborne, karibu na hospitali anakofanya kazi ya uuguzi. Kila asubuhi alipanda basi mpaka mjini, na jingine kutoka mjini mpaka huku, akaliwasha gari, akasimama kwenye baridi akitazama saa, akalizima, akarudi. Siku ya Krismasi mabasi hayatembei. Alikuja kwa miguu. Nina miaka sitini na moja na sijawahi kutiiwa hivyo na mtu yeyote, na sikuwa nimejiandaa. Mtu anayesafiri huacha maagizo akijua kwamba nusu yatasahauliwa. Ndiyo maana huacha mengi. Kama angekuwa amelala mpaka saa nne kama vijana wengine, tusingekuwa na neno.

3. Taarifa. Kila siku alinitumia ujumbe: "Baba, gari limeamka salama." Nami nilimjibu kwa kidole gumba. Nyumbani niliwaonyesha wazee jumbe hizo, wakapokezana simu, na mmoja wao akasema mkwe kama huyo angefaa kuletwa azungushwe wilayani ili vijana wamwone. Sasa nitawaeleza nini? Kwamba kila gumba nililotuma lilikuwa tone la maji?

4. Aliuliza mara moja tu. Katikati ya Januari aliniandikia kuuliza kama anaweza kulizungusha gari mpaka Perry Barr, lipate joto kidogo. Nilimjibu: "Fuata maagizo." Akayafuata. Naomba kamati izingatie kwamba alikuwa na hoja, na hoja ilikuwa sahihi, naye akaiacha njiani kwa maneno mawili. Mimi nilipomposa Milka, baba yake alinifukuza mara tatu. Mara ya tatu aliniambia nisionekane tena upande ule wa mto. Nilikuwa nimevuka tena kabla viatu havijakauka, na leo Milka ananinyima kikaango. Hivyo ndivyo watu huoana.

5. Ukweli. Jumapili iliyopita nilimwita nyumbani. Nilimfungulia kila mlango wa kutokea. Nilisema huenda baridi ya mwaka huu ilizidi. Nilisema huenda oili ilikuwa mbovu tangu dukani. Nilifika mpaka kusema huenda ni paka. Muungwana yeyote angepita kwenye mlango wa paka. Yeye alitazama zulia akasema, "Hapana, Baba. Ni mimi. Nilifanya ulivyosema."

Angeline alinijibu kwa Kiingereza, kama wanavyojibu watoto wa hapa, kwamba karatasi bado iko ukutani na ninaweza kwenda kuisoma. Milka akaingia jikoni akafungua bomba la maji, na hakuwa na chombo cha kuosha. Naomba kamati iyapime maneno hayo ya Ronny. Ni utovu wa adabu wa kiwango cha juu, maana hayana jibu.

6. Ndoa. Hapa ndipo penye uzito, na naomba usome taratibu. Angeline ni mtoto wangu wa pekee na hasira zake nazijua. Akikasirika huingia chumbani na kusema, "Niache." Tangu akiwa na miaka minne, akisema niache, mimi huketi sakafuni nje ya mlango wake na kuzungumza habari za mvua, za bei ya vitunguu, za mtu fulani niliyemwona kwenye basi, mpaka anachoka na kufungua. Hiyo ndiyo maana ya neno hilo katika nyumba yetu. Nani atamweleza Ronny? Ataambiwa aache, naye ataacha. Kila asubuhi atakuja mpaka mlangoni, atamjulia hali dakika tano kwa saa yake, ataniandikia kwamba ameamka salama, na atakwenda kazini. Na mtoto wangu atakaa humo ndani akikusanya umande, na watu wote tukidhani anatunzwa vizuri.

Hilo ndilo linaloninyima usingizi, Dada Luul. Oili hubadilishwa. Gurvinder alikwisha kuibadilisha, na chujio lake pia.

Kwa hiyo ninaomba kamati ifanye yafuatayo. Iahirishe harusi ya tarehe 16 Mei hadi Ronny atakapofanya kitendo kimoja cha ukaidi mbele ya mashahidi wawili wasio wa familia. Kwa ajili hiyo, mjumbe mmoja amwagize jambo la kipumbavu: kwa mfano, abebe keki ya harusi kwa basi kutoka Harborne ikiwa imepinduliwa. Akikataa, apigiwe makofi na tarehe itangazwe. Akiuliza mara mbili, ahesabiwe nusu ya alama. Akiibeba, tukae tena. Mchungaji naye aombwe kulitoa neno "kutii" popote litakapojitokeza upande wa bwana harusi, hata katika nyimbo.

Kwa upande wangu, nimejitolea kumfundisha kukataa, jioni tatu kila wiki, hapa nyumbani kwangu. Nimemwambia asikose hata siku moja. Amekubali.

Msalimie sana mumeo, Bwana Issack, umwambie viti alivyovitafuta nimeviona na ni imara. Wasalimie wajumbe wote, pamoja na wale wa kamati ndogo ya chakula ambao hatusemezani kwa sasa. Milka anakusalimu, ingawa hajui kwamba nakuandikia.

Ni mimi, katika maandalizi na katika mashaka,

Otieno, baba wa bibi harusi

TANBIHI: Barua hii utaletewa na Ronny kwa mkono. Sikutaka kuituma kwa posta, na simjui mtu mwingine ninayeweza kumkabidhi bahasha yenye mambo mazito kama haya kisha nikaendelea na shughuli zangu. Nimemwambia asiifungue. Ukiona imefunguliwa, basi ameanza ukaidi, malalamiko yangu yamekwisha, na harusi iendelee. Ukiona haijafunguliwa, mkaribishe ndani, mpe chai na kitu cha kula maana ametoka kazini, usimwonyeshe hata mstari mmoja, na harusi iendelee vilevile. Desemba tunakwenda tena Homa Bay, na sina mtu mwingine wa kumwachia ufunguo.